Povu Chini ya Kabureta

Msinisifu! Rudisheni hiyo sahani. Saadi ametuita hapa kwake Nandagala, kachinja mbuzi wawili, kasimama mbele yenu kasema bila fundi Isihaka angekuwa kaburini, nanyi mmepiga makofi. Sasa kaeni chini niseme mimi, na asinikatize mtu, hata mwenye nyumba.

Miaka mitatu iliyopita, 2004, gereji yangu ilikuwa Nachingwea pale pale ilipo leo. Saadi alikuwa dereva wa Fortunatus, mnunuzi wa dhahabu kwenye machimbo ya Namungo, akiendesha Land Cruiser yake ya petroli. Spea zilikuwa shida, kwa hiyo gasketi, zile za kuziba maungio ya injini, tulikata kwenye mifuko ya salfa, ile karatasi ngumu inayobaki mkishapuliza mikorosho dawa. Fundi gani wa huku hakufanya hivyo? Lakini huyu Saadi, kwa mdomo wake, akanibatiza jina Daktari Salfa mbele ya wateja wangu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wallahi iliniuma.

Basi gari ikaanza ugonjwa. Ukikanyaga mafuta inajikwaa, inakohoa, halafu ndiyo inachomoka. Fortunatus akanunua geji Dar, ya kupima hewa na mafuta yanayoungua kwenye injini, nikamfungia. Mshale ukilalia kulia, hewa imezidi. Ukilalia kushoto, mafuta yamezidi. Siku ya tatu akaniita Namungo.

Nilifika jua la utosi. Saadi kafungwa kamba kwenye bampa ya nyuma, shati limechanika, wachimbaji wamemzunguka. Fortunatus kashika mkanda wa feni, kaukunja mara mbili.

"Fundi, washa gari," akaniambia. "Huyu mwizi anauza petroli yangu, anajazia mafuta ya taa. Leo geji itasema."

Nikawasha, nikakanyaga. Injini ikajikwaa, mshale ukaruka kulia. Hewa imezidi. Geji ilisema hilo tu, jamani. Haijui mafuta ya taa, haijui mwizi. Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo, ndipo Saadi akageuza shingo akaniita, "Waambie ukweli, Daktari."

Daktari! Hata kwenye kamba! Hasira ikanipanda, nikawatangazia wote, "Mafuta haya si mazima."

Lahaula! Walikuwa wanangoja neno hilo tu. Walimwangukia kwa mateke na mipini ya sururu. Nilisikia mkono wake ukivunjika, kwa sauti ya kuni kavu. Mkanda ulikuwa unapanda na kushuka, na Fortunatus anauliza, "Umemuuzia nani? Umemuuzia nani?" Anauliza na hangoji jibu.

Mimi nikainamia injini nisione. Mkono ukizoea kazi haungoji akili. Nilikuwa na chupa ya maji ya sabuni ya kutafutia pancha, nikayatikisa, nikamwagia povu kwenye kitako cha kabureta, pale inapochanganya hewa na mafuta, huku injini inanguruma. Povu likafyonzwa ndani. Mlio ukabadilika. Nikapangusa kwa kidole, nikaiona karatasi imepasuka, na maandishi ya mfuko bado yanasomeka. Hewa ilikuwa inaingia hapo. Gasketi niliikata mimi, kwa mkasi wangu, mwezi mmoja kabla.

Sikilizeni vizuri hapa. Wakati huo Saadi alikuwa na macho mawili.

Nilijua. Ningepiga kelele pale pale. Lakini niliogopa, maana mipini ile ingenigeukia mimi. Nikajiambia, watachoka, watamwacha. Nikaendelea kupangusa kabureta iliyokwisha kuwa safi. Mkanda ukavuma tena, na Saadi akatoa ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu wala kwa mnyama. Hapo ndipo niliponyanyua kichwa.

"Mwacheni! Kosa ni langu! Gasketi ni yangu!"

Yaliyofuata mnayajua, maana ndiyo mnayoyasimulia. Fortunatus alinipiga spana mdomoni, meno manne yakaenda, wachimbaji wakamalizia mbavu. Nilitema damu mchangani karibu na miguu ya Saadi. Watu wakasema, tazama fundi, kajitoa mhanga.

Hospitalini Saadi aliniuliza, bandeji imemfunika nusu ya uso, "Fundi, ulijua saa ngapi?"

Nikamjibu, "Nilipoona tu, nikapiga kelele."

Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akalia kwa jicho moja. Mkewe Mwamina akanipigia magoti. Mimi nikaitikia, "Msijali, shemeji." Shetani mkubwa mimi!

Tangu hapo kila msimu ananiwekea mifuko ya salfa ya shamba lake. Leo asubuhi kanikabidhi mifuko mingine, kaikung'uta, kaikunja vizuri, kafunga kwa kamba ya katani. "Ya gasketi zako, Daktari," akaniambia huku anacheka. Nimeibeba mpaka nyuma ya nyumba, nikaiacha huko.

Saadi, usitazame chini. Nilijua kabla. Jicho lako lilikuwa bado lipo, na mimi nilikuwa najua.

Mkanda wa feni kama ule, huu hapa, nimekuja nao kutoka Nachingwea. Mwamina, mwache apite. Inuka, bwana, uchukue.