Matonge Matatu ya Gashe Demissie

Baba mkwe wangu, Gashe Demissie, alikuwa fundi wa treni hapa Dire Dawa, na tangu astaafu hajui kukataa kitu kinachoomba kutengenezwa. Ndiyo maana nilimkataza kugusa kompyuta ya studio yangu ya harusi. Alikubali vizuri sana, na nilipotoka kununua betri akaketi mbele ya kompyuta hiyo.

Diski ya harusi ya mteja wangu Meklit ilikuwa imechomekwa. Diski zangu zote nazifunga kwa nywila, maana picha za watu ni siri za watu, na bila nywila kompyuta huona vurugu tupu. Basi ikamwambia mzee kwamba diski imeharibika, je, itengenezwe?

"Imeniuliza mara tatu," alijitetea. "Tena kwa adabu! Ningekataaje?"

"Gashe, umetengeneza kitu kizima! Umeandika juu ya kufuli lenyewe, ile sehemu inayopokea nywila!"

Nilitamani kulia. Kadi za kamera nilishazifuta, harusi nzima ilikuwa kwenye diski hiyo tu. Na mlangoni alishafika Etiye Zenebech, mama wa Meklit, mwenye ulimi wa wembe, kuchukua filamu yake.

Gashe akanitazama, kisha akamvuta mama huyo hadi kwenye sinia ya chakula chetu cha mchana. Akakunja tonge la injera, mkate wetu laini, kubwa kama ngumi.

"Etiye, kwa mkono wangu."

"Filamu iko wa..."

Tonge likaingia. Kwetu kumlisha mtu kwa mkono ni kumheshimu, na nani atakataa tonge la mzee?

Mimi huyo mbio kwenye droo, nikatoa flashi yenye nakala ya kufuli, nikairudisha nakala hiyo mwanzoni mwa diski. Nikakosea nywila, nikaiandika upya.

"La pili, Etiye. Usiniaibishe."

"Mmh! Mmmh!"

Diski ikafunguka. Kanisa lipo, keki ipo, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini ule utengenezaji ulikuwa umevuruga faili moja, na hiyo haikupona: Etiye Zenebech mwenyewe akicheza, akitikisa mabega mpaka wakwe wakasimama.

Ikabidi nimwambie. Alimalizia tonge la tatu polepole, amemkazia Gashe macho.

"Mzee, umenilisha kwanza ndipo niambiwe?"

"Ungeambiwa kwanza, usingekula."

Nikasubiri matusi. Yeye akafuta midomo, akajifunga shali kiunoni.

"Washa kamera," akaniambia. "Na mzee huyu apige makofi. Mikono yake nataka niione."