Bomba Zuri la Othman

Othman alikuwa wakala wa mizigo katika jengo la Tianxiu mjini Guangzhou, China, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna Mchina aliyewahi kumuuzia kitu kwa bei ya kwanza. Wala ya pili. Watu wa mtaa huo wa Xiaobei walimheshimu kwa hilo, hasa wale ambao hawakuwahi kuketi kwenye viti vya nyumbani kwake.

Bomba la mvua la bafuni kwao lilipoanza kuvuja, mwenye nyumba, mtu mwema kupita kiasi, aliwaruhusu walibadilishe kwa gharama zao. Chausiku, mke wa Othman, aliyekuwa akinunua nguo za jumla soko la Shahe na kuzituma kwao Tanga, alisema liwekwe la shaba, yaishe.

"Shaba!" Othman akashangaa. "Tunaoga au tunaoa?"

Wakaenda soko la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, laoban mmoja wa kike, alikuwa akila tambi nyuma ya kaunta. Aliuliza swali moja tu.

"La kupeleka wapi?"

"Afrika," Othman akajibu kwa mazoea.

Laoban akainama, akatoa bomba lililong'aa kuliko yote dukani. Chausiku alilipima mkononi. Lilikuwa jepesi kama upawa.

"Baba Shifa, mwambie ukweli. Linabaki hapa hapa, bafuni kwetu," akamwambia mumewe.

Othman akasema ukweli, kwa shingo upande. Laoban akaweka vijiti vyake vya kulia chini, akalichukua bomba na kulirudisha chini ya kaunta.

"Meiyou," akasema. Hakuna. "Hilo sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Wewe unakaa karibu. Utarudi kunigombeza."

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo na kutoka mbio. Othman alifurahi. Aliona hiyo ni mbinu ya biashara, na mbinu za Wachina yeye anazijua. Akabishana, akaondoka, akangoja kuitwa, hakuitwa, akarudi mwenyewe, hadi yule mama akachoka na kumuuzia. Njiani Othman alimweleza mkewe kwamba siri ni kutoonyesha kuwa unakihitaji kitu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya furaha yake. Bomba hilo lilikuwa la aina ile ile aliyomtafutia Mzee Jaffari, mfanyabiashara wa Unguja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mzee alitaka kontena zima, na wiki hiyo hiyo alikuwa anakuja Guangzhou kukagua mzigo. Othman alimkaribisha alale kwake. Alikuwa mkarimu sana, hasa pale ukarimu ulipokuwa rahisi kuliko hoteli.

Mzee Jaffari alifika, akala biriani ya Chausiku, akalala. Ijumaa kabla ya sala akaingia kuoga kwa bomba lile jipya. Muda kidogo wakamsikia.

"Othman! Othman we!"

"Zungusha polepole, Mzee!" Othman akajibu kutoka sebuleni.

"Nizungushe nini? Ninayo mkononi!"

Koki ilikuwa imeng'oka, na nyuma yake maji yakaruka kama yamefunguliwa gerezani. Yakapita chini ya mlango, yakaingia ukumbini, yakaokota viatu. Othman alikimbilia koki kuu. Kwa kuwa hakuwahi kujua ilipo, alifungua kasha la umeme na kuzima taa zote. Sasa Mzee alikuwa gizani, na povu machoni.

Aliyewaokoa ni Mama Liang wa ghorofa ya chini. Alipanda ngazi na ndara zilizolowa, akafunga maji pale pale kwenye korido, kisha akazungumza kwa kirefu kuhusu dari lake. Othman, ambaye siku zote alijisifu kwa Kichina chake, siku hiyo hakuelewa hata neno.

Mzee Jaffari akatoka amejifunga kanga ya Chausiku, povu ndevuni. Aliketi mezani, akaichunguza ile koki. Ndani ilikuwa plastiki, imepakwa rangi ya fedha kwa ustadi mkubwa.

"Hili ndilo lile langu?"

"Mzee, hii ni... sampuli," Othman akasema.

Chausiku alisubiri ghadhabu. Mzee alicheka.

"Kwa dukani si baya. Bei yake inauza. Ila nyumbani kwangu mnitafutie la shaba."

Othman naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetolewa majini. Chausiku hakucheka. Alimmiminia mgeni chai kwanza, maana mgeni ni mgeni.

"Mzee wangu, na wateja wako?"

"Mwanangu, wateja wanataka bei. Nikiwawekea shaba tupu, wanakwenda duka la pili."

"Umewahi kuwawekea yote mawili, wakayashika mkononi?"

Mzee akanywa chai. "Sijawahi."

"Mama yangu Tanga kila mwaka ananunua bomba jipya, kila mwaka la rahisi. Siku hizi ameacha, anaogea ndoo. Fedha hizo zote zingetosha la shaba, na mlango wa bafu juu yake. Si mjinga mama yangu. Hakuna aliyemwonyesha jingine."

Mzee Jaffari akamaliza chai, akaenda kuswali. Asubuhi iliyofuata alivaa kofia yake, akamwambia Chausiku, "Twende kwa huyo laoban wenu."

Hakugeuka malaika. Kontena likaondoka na nusu ya shaba na nusu ya yale mengine, na alisema ataona mwenyewe sokoni Darajani watu watachagua nini. Aliyepatana bei ni Chausiku, kwa utulivu, bila kuondoka na kurudi. Othman hakuwepo. Alikuwa juu ya ngazi kwa Mama Liang, akipaka dari, na bibi huyo amesimama chini akimwonyesha kwa kidole pale alipoharakisha. Rangi ya kwanza aliyokuja nayo Othman ilikuwa ya bei nzuri mno. Aliirudisha dukani kwa amri ya Mama Liang.

Kwenye mzigo ule Chausiku alipenyeza bomba moja la shaba la mama yake. Lilipofika Tanga akapiga simu.

"Mama, umelipenda?"

"Mwanangu, zuri! Zito! Nimeliweka kabatini, pamoja na glasi za wageni."

"Mama, ni la kuogea."

"Kitu kama hiki nikakitie maji?"

Chausiku akafumba macho kidogo. Halafu akamuaga mama yake vizuri, akampigia kaka yake aende pale nyumbani na spana.