Maana ya Saba

Mwaka ule ambao kila mwenye shati la mikono mirefu hapa Tunduma alifungua chuo cha Kiingereza, Mwalimu Nikodemo naye alifungua chake, nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa ameishi Lusaka. Alifanya nini huko hakuna aliyejua, lakini alirudi na tai mbili, na kwetu hiyo ilitosha kuwa shahada.

Tabita, mtoto wa kaka yangu, alihamia kwangu ili asome hapo. Kaka Boazi alimruhusu kutoka Mlowo kwa sharti moja: chuo kikiisha na kazi hakuna, anarudi shambani kuchuma kahawa. Kazi ilikuwepo, moja tu. Mzee Idrisa, mwenye kampuni ya kutoa mizigo forodhani, aliahidi kumwajiri mhitimu atakayemfurahisha siku ya mahafali. Tabita aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa halali vizuri.

Basi, wakasoma. Mimi nilidhani watajifunza lugha, kumbe watajifunza "take off". Ndege ikipaa, take off. Ukivua koti, take off. Ukiondoka ghafla, ukipunguza bei, ukichukua likizo, biashara ikichanganya, ni hiyo hiyo.

"Uingereza nchi tajiri vile, neno moja wanavaa wote," nilimwambia nikipanga mitumba yangu. "Na kumuuliza dereva lori lake limekwama wapi mtafundishwa lini?"

"Hiyo ni kozi ya pili, shangazi."

Ya kulipia upya, bila shaka.

Siku ya mahafali kila mhitimu alipangiwa maana yake aionyeshe kwa vitendo mbele ya wazazi. Lusubilo alipewa kuvua koti. Akavua koti. Tukapiga makofi. Mwingine alipaa, akagonga spika. Tabita alipewa maana ya saba, kumwigiza mtu kwa kumkejeli, na mwalimu kwa hekima yake hakumwambia amwigize nani.

Tabita akanyoosha tai ambayo hakuwa nayo, akakohoa. "Swali zuri sana," alisema kwa sauti ya Mwalimu Nikodemo mwenyewe, "mkalifanyie kazi nyumbani." Kisha akaanza kufuta ubao ambao haukuwepo, kwa bidii, mpaka muulizaji asahau alichouliza. Watu walivunjika mbavu. Mzee Idrisa alicheka hadi akafuta machozi. Mwalimu alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Nikajua kazi tumeipata. Mzee Idrisa, ndiye mgeni rasmi, akasimama, bado anacheka, akampa Lusubilo nafasi ile.

"Binti ana kipaji," alisema kwenye kipaza sauti, "lakini anayemwigiza mwalimu wake leo, kesho ataniigiza mimi. Huyu kijana amevua koti lake kwa adabu."

Makofi tena. Niliumia, sifichi.

Nyumbani kwangu Tabita alifunga begi lake la kurudi shambani. Kaka, aliyekuwa amekuja kwa mahafali, alimtazama weee, kisha akasema, "Hebu mwigize tena yule mwalimu." Akamwigiza. Kaka akacheka sana. "Haya, sasa niigize mimi."

Nilimkonyeza Tabita akatae. Hakuniona, au aliniona. Akakaa kwenye kigoda, akatanua magoti, akautazama mlango badala ya mtu.

"Mimi sijakataa usome," alisema taratibu, kwa sauti nzito ya watu wa kwetu Mbozi. "Nauliza tu, kahawa atachuma nani?" Akanyamaza. Alinyamaza vile vile anavyonyamaza baba yake, mpaka aliyeulizwa anaona aibu kwa kuwa na ndoto.

Safari hii kaka hakucheka. Alinigeukia mimi. "Fortunata, ndivyo nilivyo?"

Mdomo wangu wote huu, sikumkejeli. "Ndivyo, kaka."

Alfajiri kaka aliondoka kurudi Mlowo peke yake, hakutuamsha. Begi la Tabita tulilikuta tupu. Nguo zake zilikuwa zimerudishwa kabatini, zimekunjwa vibaya, na mtu ambaye hajawahi kukunja nguo ya mtoto maishani mwake.