Kiti cha Mbele

Asubuhi ya fainali ya mbio za mitumbwi, kitanda cha Taoati kilikuwa kimetandikwa vizuri, na hilo ndilo lililomshtua dada yake, Kaitira. Taoati hakuwahi kutandika kitanda maishani mwake. Sare ya timu ya Kiribati ilikuwa imekunjwa juu ya mto, na juu ya sare, kafi lake.

Kaitira alimtafuta bafuni, akamtafuta bwaloni, akafika hadi kwenye geti la kijiji cha wanamichezo. Mlinzi akamwambia kuwa binti mmoja mwenye begi alichukuliwa na gari alfajiri.

Kocha Tebano alishika kichwa. "Kaondoka? Mwaka mzima tunapiga makafi kule nyumbani Betio, leo ndiyo ananitorokea hapa ugenini Auckland?"

"Labda kapotea, kocha."

"Kapotea na begi lake?"

Mtumbwi wa mashindano ni wa watu sita. Wa nyuma ndiye anayeuongoza. Wa mbele ndiye anayetoa mwendo, naye haoni mtu, anaona maji tu. Siku zote Kaitira alikaa mbele, mdogo wake nyuma, kama walivyozoea tangu utotoni katika mtumbwi wa marehemu baba yao. Kila walipofika pa kukata kona, Taoati aligonga ubavu wa mtumbwi mara mbili, ko-ko, na Kaitira akachimba maji ya kushoto kwa nguvu zake zote. Ilikuwa siri yao. Walikuwa wameahidiana pia kwamba medali ya kwanza wataivisha kaburi la baba, wakiishika wote wawili.

Kocha akamwita Meere, msichana wa akiba. "Wewe utakaa nyuma. Usitubamize kwenye boya tu, nakuomba."

"Nitajitahidi, kocha."

Kaitira alimwonea huruma. "Tukikosa, mdogo wangu, kosa si lako," akamwambia.

Tahiti walitangulia, kama kawaida yao. Kufika boya la mwisho, Kiribati walikuwa wa nne, Fiji wakiwa mbele yao kidogo tu. Kaitira alijua kona ile itawamaliza.

Ko-ko.

Mikono yake ilichimba maji kabla akili haijaelewa. Mtumbwi ukageuka vizuri kabisa, ukawapita Fiji, nyuma yake wenzake wakapiga kelele za furaha. Shaba! Yeye aliendelea kupiga kafi hata baada ya mstari, mpaka akaambiwa aache.

Ufukweni, medali zikiwa shingoni, alimvuta Meere pembeni. "Nani alikufundisha kugonga?"

Meere akawatazama wenzake. Tekarara wa kiti cha pili akaingilia. "Dada, si tufurahi kwanza? Maneno baadaye."

"Sijakuuliza wewe."

"Taoati," Meere akasema. "Kila Jumapili, ukiwa kwenye kwaya. Tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka!"

"Kapata kazi ya kuchuma matufaha huku huku, dada. Ila alisema hawezi kututupa hivi hivi. Alitaka tupate medali."

"Na mimi?"

"Alisema wewe ungelia, naye angeshindwa kuondoka."

Kaitira akawageukia wale wengine, mmoja mmoja. Watu aliolala nao chumba kimoja, aliowapikia wali, aliowasuka nywele. "Kwa hiyo wote mlijua."

Tekarara akaanza kulia, na machozi yale yakamuudhi Kaitira kuliko jambo lolote la siku ile.

Betio waliwapokea kwa mashada, nguruwe na ngoma. Ngoma zikiwa bado zinalia, Kaitira alienda nyumbani, akaining'iniza medali kwenye msalaba wa kaburi la baba, lililo mbele ya mlango. Mama yake, Nei Rotia, akatoka.

"Na mwenzako, umemwacha salama?"

"Yuko kazini, mama. Anachuma matufaha."

"Aliniaga," mama akasema polepole. "Nilidhani na wewe alikuaga."

Kaitira aliunyoosha utepe wa medali, ingawa haukuwa umepinda.

Sasa Taoati hupiga simu nyumbani kila Jumapili, saa ya kwaya, Kaitira akiwa hayupo. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi. Meere ndiye anayeongoza. Kaitira bado anakaa kiti cha mbele, na wale watano wako nyuma ya mgongo wake.