Jiko Limetakata

Kaka yangu tulimbandika jina la Mkaguzi tangu utotoni, maana alikuwa akikagua hata sahani zetu kama tumemaliza kula. Mwanzoni mwa mwezi alikuja akakuta moshi umetanda nyumba nzima na Mama anakohoa mpaka machozi. Akaniambia bila kupepesa macho, "Nitarudi Jumapili ya mwisho. Nikikuta moshi tena humu, namchukua Mama akakae kwangu."

Nilimjibu kwa ukali kwamba Mama haendi popote. Ukali wenyewe ulikuwa wa mtu anayejua ana kosa. Bomba la moshi la jiko letu la kuni halikuwa limeguswa tangu Baba afariki, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisemea kesho, kesho.

Mama amesahau karibu kila kitu. Mimi ananiita dada, siku nyingine ananichukulia kama mpangaji. Jiko tu ndilo hajalisahau. Kila jioni huchagua kaa moja nene la moto, akalifukia kwenye majivu kwa koleo lake dogo, akayashindilia taratibu. Asubuhi hulifukua likiwa bado jekundu, akaweka vijiti, akapuliza. Kisha hunigeukia na kusema, "Tumeamka." Moto ule aliuwasha Baba siku walipohamia hapa, na Mama hakuwahi kuuacha uzime. Kiberiti nyumbani kwetu hakikuwahi kununuliwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya Mkaguzi kurudi, Mama alipojilaza baada ya chakula cha mchana, nilivaa gauni bovu nikaingia kazini. Nilichomoa bomba kipande kwa kipande, nikaligonga, masizi yakamwagika debe zima. Nikasugua ndani kwa brashi ya waya mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Uso ulikuwa mweusi tii, lakini moyo ulikuwa mweupe. Tatizo la moshi lilikuwa limekwisha, na ningeishia hapo.

Lakini namjua Mkaguzi na kidole chake cha kupima vumbi. Kwa hiyo nikakomba majivu yote na makaa yake, ndoo tatu, nikayamwaga shimoni nyuma ya nyumba na kuyamwagia maji. Yakalia shii, yakanyamaza. Nikarudi kusugua chuma kwa mchanga, sakafu ya jiko ikang'aa. Nilikuwa najisifu, Mungu anisamehe, hata kaa la Mama halikunijia akilini. Nikaenda kwa jirani kuomba kiberiti, nikawasha moto mpya.

Jioni Mama akaja na koleo lake, akafungua mlango wa jiko, akainama.

"Majivu yangu yako wapi?"

"Nimeyatoa, Mama. Si unaona hakuna moshi?"

Akatazama jiko, akatazama mapazia, akanitazama mimi. "Hii nyumba ya nani?"

Nilikimbilia shimoni. Majivu yalikuwa tope. Niliyachota hivyo hivyo kwa mikono, nikamletea kwenye sinia, nikamwambia haya hapa, Mama, ni yako. Akanishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mwenyeji. Kisha akajifunga kanga, akachukua mkoba wake, akaketi kwenye kiti cha mlangoni. Asubuhi nilimkuta palepale.

Mkaguzi alifika saa nne. Akafungua jiko, akapitisha kidole ukingoni, akakitazama. Akavuta pumzi, hakukohoa.

"Umefanya kazi, mdogo wangu," alisema. "Basi. Mama abaki."

Maneno niliyoyasubiri mwezi mzima. Nilitaka hata kumkumbatia, lakini Mama alikuwa ameshasimama na kumshika mkono wa shati.

"Baba," alimwambia, maana naye hamjui, "nisaidie unirudishe nyumbani. Huyu dada ni mwema, hajanikosea kitu. Lakini nimekaa sana kwake, na kule nimeacha moto."

Kaka akanitazama. Nikasema, "Mama, hapa ndipo nyumbani," nikarudia mara tatu, na kila mara alizidi kujificha nyuma ya bega la kaka. Mwishoni alianza kulia. Nikamwambia kaka ampeleke.

Sasa ni jioni. Nimechagua kaa moja nene, kama anavyochagua yeye. Liko kwenye koleo, linafifia, na majivu ya moto huu mpya hayajai hata kiganja cha kulifukia.