Jina la Mume

Mimi nilijaza ile fomu ya kazi kwa ukweli, na hilo ndilo kosa langu. Pale palipoandikwa "jina la mume" niliandika Kanini Nzioka, kwa sababu ndiye aliyenioa. Kanini ni mwanamke, na hakujaliwa mtoto. Akatoa mbuzi kwetu, akanileta kijijini kwake Kola niwe iweto wake, yaani mke wa kuizalia nyumba yake watoto. Kwetu Wakamba hilo si jambo geni. Lakini binti yangu Nthenya tulimwambia kwamba Kanini ni susu, nyanya yake, na kwamba babake alifariki. Tulingoja akomae kidogo tumweleze wenyewe.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye bekari ya Henry, mjini Machakos. Alikuwa akitufungia ndani kwa kufuli, ati tusitoke na mikate. Siku oveni iliposhika moto tulirukia dirishani, mwenzetu Syokau akavunjika mkono. Niliacha kazi, nikaandika Facebook yaliyotupata, bila tusi hata moja.

Jibu lilikuja kwenye ukurasa wa bekari, pamoja na picha ya fomu yangu. "Huyu mnayemwamini, mume wake ni mwanamke. Sasa huyo mtoto ni wa nani?" Watu mia nne wakacheka. Kufuli hakuna aliyeitaja tena.

Nilienda kwake mbio.

"Bosi, tafadhali, toa hiyo kitu. Niko na mtoto, na anasoma hapa hapa."

"Si wewe ndio ulianza kuanika watu?" Henry alisema, macho kwenye simu. "Na ni uongo gani nimeweka? Si ni wewe uliandika?"

Akasema ataangalia. Nami, mjinga wa mwisho, nikamwambia asante. Hadi leo najichukia kwa hiyo asante.

Nilipofika nyumbani Nthenya alikuwa ametoka shuleni, bado amevaa sare. Mwenye kibanda cha chipsi nje ya shule alikuwa amemwonyesha kwa simu, akicheka. Hakuniangalia. Alisimama mbele ya Kanini, aliyekuwa akichambua ndengu.

"Sasa nikuite nani?" akamuuliza. "Susu ama baba?"

Kanini alinioa mbele ya ukoo mzima, watu wakimsengenya, na hakuinamisha kichwa. Siku hiyo alikiinamisha.