Njia Nyekundu za Namkonda

Siku mradi ulipokuja Namkonda kuchora ramani, wanawake walifagia uwanja wa mbele ya ghala la korosho tangu alfajiri, kisha wakaenda kupika. Wageni walikuwa wengi na kuku wa kienyeji hawaivi upesi. Wanaume walibaki ukumbini mwa ghala wakisubiri gari, na lilipofika wakalipokea.

Aliyeshuka kwanza alikuwa Faidha, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Masasi. Kazi yake katika mradi ilikuwa kukusanya takwimu kwa njia shirikishi, tena kwa kuzingatia jinsia, na aliipenda. Alieleza kwamba mradi hautaki tena kuandika habari za kijiji kutoka mezani mjini. Wanakijiji wenyewe watachora kijiji chao ardhini, kwa majivu na maganda ya korosho, halafu yeye atanakili kwenye karatasi ya manila. Njia anazopita mwanaume atazipaka buluu. Njia anazopita mwanamke, nyekundu. Njia za mradi zitakuwa za kijani, ili zisichanganyike na za watu.

"Kina mama wako wapi?" aliuliza.

"Wanapika," alisema Isaka, mwenyekiti wa kijiji. "Tuanze tu. Habari zao tunazijua."

Faidha alitazama saa. Dereva alikuwa ameshasema kwamba lazima wafike Newala kabla ya giza. Wakaanza.

Wanaume walichora vizuri, haki yao lazima wapewe. Waliweka ghala, shule, kanisa, msikiti, kilabu cha pombe, mashine ya kusaga na bomba la maji lililokauka. Waliweka barabara inayotoka Namkonda kwenda Newala na kuteremka hadi Masasi. Ilikuwa miaka ile redio ilipokuwa ikitangaza soko huria kila jioni, na wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda huku juu na mizani zao, kwa hiyo barabara waliichora pana kuliko kitu kingine chochote. Ilipofika zamu ya kutaja njia za wanawake, aliyetaja ni Anthony, katibu wa kijiji, na wenzake wakawa wanamkumbusha. Walikumbuka njia ya kushuka bondeni kwenda chemchemi. Walikumbuka ya kuni, ya mashamba ya mihogo, ya mashine, ya kanisani na ya msikitini. Hawakusahau hata kijia cha kutoka majikoni hadi kilabuni, ambacho pombe hupitia. Kila njia iliyokuwa na faida kwao waliikumbuka. Lakini harufu ya kuku ilikuwa imeshafika uwanjani, na barabara ikabaki buluu tupu.

Wanawake walipoleta chakula, Faidha aliwauliza kama wana la kuongeza. Scholastika, mke wa Anthony, alikuwa akinawisha watu mikono. Alitupa jicho ardhini, akaona barabara ipo. Rangi hakuziona, kwa sababu majivu hayana rangi. Rangi zilikuwa kwenye manila, na manila ilikuwa imeshakunjwa. Alisema hana la kuongeza. Isaka akagonga muhuri wa kijiji, watu wakala.

Asubuhi iliyofuata barabara ilikataa.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa Sikuzani, jirani yake Scholastika, aliyekuwa akipeleka korosho zake Newala kwenye bei nzuri. Alifika kwenye mkorosho wa mwisho wa kijiji, akaendelea kutembea, na mkorosho ukaendelea kuwa pembeni yake. Alitembea mpaka jua likawa kali. Kisha akarudi, akaziuza kwa mnunuzi aliyeleta mizani kijijini, kwa bei ya huyo mnunuzi. Wengine walijaribu kukata porini. Hao walitokea chemchemini, na kwa kuwa walikuwa wameshafika, walirudi na maji.

Halikuwa jambo la wenyeji peke yao. Mwanasha, muuza samaki wa kukaanga kutoka Tandahimba, alipanda na beseni lake siku ya mnada, akalala usiku mmoja kwa shoga yake. Mpaka leo yuko Namkonda. Samaki waliisha, sasa anauza vitumbua.

Isaka aliitisha mkutano. Alisema ramani imepitishwa na wanakijiji wote na ina muhuri. "Hapa hakuna mtu aliyemzuia mwanamke," alisema. "Ni barabara tu." Wanaume waliona kauli hiyo ina busara. Walikuwa pia wameona kwamba siku hizi chakula kinawahi kuiva, na jambo hilo hawakulisema.

Scholastika angeweza kuvumilia, kama alivyovumilia mengine. Lakini alikuwa na Oliva. Oliva, binti yake pekee, aliolewa Nanganga, huko chini wilaya ya Masasi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, Scholastika akiwa bado njiani, gari limeharibika. Siku ile Oliva alilia mpaka sauti ikakauka, na Scholastika akamwapia kwamba safari nyingine atakuwa pale, atamshika mgongo mwenyewe. Sasa dereva wa lori la korosho alileta salamu: mwezi umetimia, mama aje.

Alifunga kanga mpya mbili, unga wa uji na kichupa cha mafuta ya nazi, akaenda barabarani. Watu waliokuwa wakipita walimsalimia.

"Shikamoo, Mama Oliva."

"Marahaba."

"Safari?"

"Nanganga, kwa mwanangu."

Walipokuwa wakirudi kutoka shamba walimkuta palepale, anatembea. Kesho yake alipanda basi, akaketi nyuma ya dereva. Basi lilipofika kwenye mkorosho wa mwisho liliondoka, na kiti alichokalia kikaondoka nalo. Yeye alibaki amekaa hewani kidogo, kisha amekaa barabarani, kifurushi mapajani. Konda alichungulia dirishani.

"Mama, usihangaike!" alipiga kelele. "Hata wenzako hawakai kitini!"

Usiku ule Scholastika hakupakua. Anthony alisubiri, kisha akaja mwenyewe jikoni.

"Baba Oliva," mkewe alisema, "mimi barabara ile sipiti?"

"Unapita."

"Oliva alipoolewa, nani alimpeleka?"

"Wewe."

"Alipougua malaria, nani alikwenda? Alipozika mwanawe?"

"Wewe, mama."

"Sasa mbona ulimwambia yule binti sipiti?"

Anthony alichutama, akasogeza kijinga cha moto kisichohitaji kusogezwa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga, na katika kijiji kile watu walimsifu kwa hilo.

"Sikumwambia hupiti," alisema. "Sikukumbuka tu."

Iliuma zaidi ya kupigwa. Scholastika alilia bila kujificha, na mumewe akakaa pale kwenye moshi mpaka alipomaliza. Kulipokucha Anthony alichukua kile kifurushi, akapita kwenye barabara bila shida yoyote, akaenda Nanganga.

Huko alikaa nje, kwenye kinu kilicholazwa, kwa sababu mwanaume haingii. Ndani, Oliva aliita mama yake mchana kutwa. Mama mkwe wake alimshika mgongo, akaushika vizuri. Mtoto alizaliwa hai, wa kike. Anthony alirudi na habari hizo, na Scholastika akapiga vigelegele akiwa amesimama chini ya mkorosho wa mwisho, uso ameuelekeza Nanganga.

Faidha alirudi kwa mkutano wa mrejesho. Alikuja kwa njia ya kijani, haikumsumbua. Aliibandika ramani ukutani mwa ghala, nakala safi iliyopigwa chapa kwa rangi, akasoma taarifa. Pale palipoandikwa kwamba wanawake wa Namkonda hawana desturi ya kusafiri, wanawake walisimama wakapiga kelele. Sikuzani alisema. Mwanasha alisema, akasema na jina la kijiji chao Tandahimba, na majina ya watoto wake waliomsubiri huko. Faidha aliandika kila neno.

Baada ya mkutano Scholastika alimfuata kwenye gari.

"Mwanangu, kalamu nyekundu si unayo? Vuta mstari mmoja tu."

Faidha hakumbishia. Alitoa kalamu, akavuta mstari mwekundu kwenye nakala ya ukutani, kando ya ile buluu, mpaka pembeni mwa karatasi. Wakaenda pamoja mpaka kwenye mkorosho. Scholastika alinyanyua mguu, akautua palepale.

"Hii ni nakala," alisema Faidha. "Halisi iko Mtwara, ghorofani, kwa wakubwa."

"Basi panda ukaichore."

"Mama, siwezi. Mradi ulichora na mchoro wetu sisi wafanyakazi, nani yuko wapi. Mimi nimewekwa kisanduku cha chini. Tangu siku hiyo nikipanda ngazi za ofisini natokea mapokezi."

Scholastika alimtazama yule binti aliyesoma, akamwonea huruma, ingawa siku ile hakuwa na huruma ya kugawa. Alimfungia vitumbua vya Mwanasha vya kula njiani. Faidha aliahidi kwamba ombi lao litapanda, hata kama yeye hapandi.

Lilipanda. Majibu yalikuja na fundi, mbao na mabati. Wakubwa walikuwa wamesoma maoni ya kina mama kwa makini, na wameguswa kusikia kwamba wanachoka kusimama muda mrefu barabarani. Fundi akajenga benchi chini ya mkorosho wa mwisho, akaliezekea bati. Isaka alilizindua kwa hotuba fupi. Lilikuwa benchi imara, na wanawake walilikalia, kwa kuwa ni kweli walikuwa wanachoka.

Arobaini ya mtoto ilipopita, Oliva alikuja kumwonyesha. Baba yake alikuwa amemweleza yote, kwa hiyo alimwambia konda asimamishe basi kabla ya mkorosho. Akashuka, akasimama ng'ambo, mtoto mgongoni. Kati yake na benchi palikuwa na upana wa kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ananyonya sana."

"Anyonye."

Walitazamana. Oliva alianza kulia, akajifuta kwa ncha ya kanga ileile mpya aliyoletewa na baba yake. Anthony, aliyekuwa amekuja kusimama katikati, alinyoosha mikono akampokea mtoto kutoka mgongoni.

"Nimlete umshike," alimwambia mkewe. "Kidogo tu."

Scholastika alikuwa ameshasimama, mikono imeshajikunja kwa namna ya kupakata, yenyewe. Alijua uzito wa mtoto wa umri ule. Alijua harufu ya utosi wake. Anthony akapiga hatua moja.

"Usimvushe, Baba Oliva."

"Kidogo tu, mama. Mtoto mdogo hivi, barabara itamjuaje?"

"Ni wa kike. Na Mwanasha alikuja kulala usiku mmoja tu."

Anthony alisimama. Mtoto alipiga miayo. Scholastika aliikunjua mikono yake, akaiweka nyuma ya mgongo, akaishikisha yenyewe kwa yenyewe.

"Mfunue miguu niione," alisema.

Oliva alisogea, akafungua kanga, akaishika ile miguu miwili juu kwenye mwanga. Scholastika aliiangalia kwa muda mrefu.

"Mizuri," alisema. "Mrudishe mgongoni. Basi likija, lipandieni hukohuko mliko."

Basi la kurudi Masasi lilipokuja, Oliva alipanda, na kiti chake kikaenda naye. Scholastika alilitazama mpaka vumbi likatua. Kisha alichukua ndoo aliyokuwa ameiweka chini ya benchi, kwa sababu maji nyumbani yalikuwa yamekwisha, akaishika njia ya bondeni. Ilikuwa wazi, kama siku zote.